Mikono Mapajani

Dashibodi iko wazi kama kinywa kwa daktari wa meno,
na Halyna Drozd, fundi wa Yorkton, kaingiza kichwa na bega,
tochi kaing'ata, anavuta waya mmoja mmoja.
"Huu unakwenda wapi, Orest?"
Sijui. Niliununua hivyo, mwaka wa themanini na tisa,
kwa mzee aliyeununua hivyo.

Nje, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Theluji inakwaruza mabati ya banda.
Juu ya meza yamelazwa mambo niliyoyaamini:
pia ya shaba iliyokengeuka nyuzi saba kila robo saa,
nami nikiirudisha kwa kidole, bila kufikiri,
kama mtu anavyomfuta mtoto kamasi;
redio ya kutafuta stesheni ambazo zilishazimwa;
na kiota cha panya, kimesukwa kuliko nyaya zetu zote:
majani ya ngano, pamba ya kiti changu,
na ukurasa wa kijitabu cha ndege, ule wa dharura.
"Huyu alijiandaa," Halyna akasema.

Bili nimeificha kabatini, nyuma ya mbegu.
Kamba imemshinda ng'ombe kwa bei:
ndege nzima, mabawa na mkia,
haifiki nusu ya skrini mbili
na huyo rubani wa umeme, ambaye ukimtoa kwenye boksi
hazidi mkate.

Ilse hakuuliza bei. Aliuliza, "Kwa nini sasa?"

Nikataka kumwambia habari za Novemba ile
juu ya Dauphin, ndani ya wingu,
pampu ya hewa ilipokata roho pasipo kelele.
Upeo haukuanguka. Ulilala polepole, kwa adabu,
kama mlevi anayeegemea ukuta,
nami nikaegemea naye.
Nilitoka chini ya wingu bawa la kushoto likiuliza ardhi njia.
Sikumwambia. Nilisema, "Vidole vyangu, mke wangu. Baridi yabisi."
Nayo ni kweli.
Ukweli mdogo hutumika kama mlango wa uani.

Machi, Halyna akaipima ndege upya kwenye mizani.
Imepungua kilo kumi na tatu,
nyingi zake nyaya zisizokwenda popote.
"Wewe sikupimi," akaniambia.

Tukaruka, mimi na Ilse, futi elfu nne na mia tano,
skrini zikichora dunia kwa buluu na kahawia,
dunia safi mno, isiyojua tope.
Nikabonyeza. Usukani ukatikisika kidogo
kama farasi anayekabidhiwa kwa mgeni,
ukasogea kulia kiasi cha unene wa sarafu,
ukatulia.
Hapo hapo.
Miaka yote nimeusukuma hapo hapo
nikidhani ni tabia yangu.
Kumbe bawa la kushoto ni zito. Lilitoka kiwandani zito.

Mikono nikaiweka mapajani,
ikalala kama glavu za mtu mwingine.

Safari zote Ilse amekaa hapo kulia na fumbo lake la maneno,
kwani nilimkataza kunisemesha nikiwa kazini,
na kazini nilikuwa tangu magurudumu yaache ardhi
hadi yairudie.
Nikakohoa kwenye kipaza sauti.
"Barafu ya mto inapasuka."
"Ilipasuka na mwaka jana," akasema, macho kwenye fumbo.
"Na mwaka juzi. Sema jingine."

Juu ya kioo ilibaki dira ya zamani,
ile ambayo sheria haikumruhusu Halyna kuing'oa,
ikiyumbayumba ndani ya mafuta yake,
haina haraka ya kuwa sahihi.
Nikaitazama muda mrefu.

"Novemba moja," nikaanza, "juu ya Dauphin—"

Ilse akafunika kalamu.